Shajara ya mradi: jiko na mazoezi, wiki 12 kuelekea HYROX

Wiki ya 1

Kazi ya mradi huu ni kupanga mazoezi na chakula kwenye ratiba moja, ili mshiriki afike mstari wa kuanzia akiwa na nguvu, bila jeraha na bila tumbo kuvurugika. Tumechagua HYROX, mashindano yaliyoanzishwa Ujerumani mwaka 2017, kwa sababu muundo wake ni ule ule popote yanapofanyika. Hivyo kila kitu kinaweza kupimwa mapema.

Unakimbia kilomita 1, unaingia kituo, kisha unarudia mpaka ufikishe kilomita 8 na vituo 8. Vituo vinafuatana hivi: mashine ya skii mita 1,000, kusukuma sledi (kigari cha chuma kisicho na magurudumu, kinachopakiwa uzito) mita 50, kuvuta sledi kwa kamba mita 50, burpii (kulala kifudifudi, kuinuka, kuruka) za kuruka mbele mita 80, mashine ya kupiga makasia mita 1,000, kutembea na vyuma viwili mikononi mita 200, hatua za kugusisha goti chini ukiwa na mfuko wa mchanga begani mita 100, na kumalizia kwa kurusha mpira ukutani mara 100. Katika daraja la wazi (la washiriki wa kawaida) wanaume husukuma kilo 152 pamoja na uzito wa sledi yenyewe, huvuta kilo 103, hubeba vyuma viwili vya kilo 24, mfuko wa kilo 20 na mpira wa kilo 6. Wanawake husukuma kilo 102, huvuta kilo 78, hubeba vyuma viwili vya kilo 16, mfuko wa kilo 10 na mpira wa kilo 4.

Kwa washiriki wengi, karibu nusu ya muda wote huishia kwenye kukimbia. Mtu aliyezoea vyuma tu huumia hapo, na mkimbiaji mtupu huumia kwenye sledi. Kwa hiyo wiki imepangwa hivi: Jumatatu pumziko, Jumanne mbio za vipindi, Jumatano mazoezi ya nguvu, Alhamisi mbio nyepesi za dakika 45, Ijumaa kunyoosha viungo tu, Jumamosi kazi mchanganyiko ya vituo na mbio, Jumapili mbio ndefu za taratibu, kasi ambayo bado unaweza kuzungumza sentensi nzima bila kukatika pumzi.

Hesabu za chakula tunazifanya kwa mtu wa kilo 70, na mwingine atazidisha kwa uzito wake. Protini ni gramu 1.8 kwa kila kilo kwa siku, yaani gramu 126, zigawanywe milo minne ya takribani gramu 30. Wanga hupanda na kushuka: gramu 4 kwa kilo siku nyepesi (280), gramu 6 siku nzito (420). Mafuta hujaza nafasi iliyobaki. Hatuyashushi chini ya gramu 1 kwa kilo.

Kanuni tuliyoiweka juu ya ratiba nzima ni kwamba sahani inafuata zoezi linalokuja. Chakula cha jioni ya Jumatatu ni sehemu ya mazoezi ya Jumanne, na cha jioni ya Ijumaa ni sehemu ya Jumamosi. Mtu anayekula kidogo Ijumaa kwa kuwa "leo sijafanya kitu" ndiye anayekwama kwenye sledi kesho yake.

Wiki ya 2

Jiko limeanza. Siku nzito ya gramu 420 za wanga imepangwa hivi. Asubuhi: oti kavu gramu 100, maziwa mililita 300, ndizi mbivu mbili. Mchana: mchele mkavu gramu 130, maharage yaliyopikwa gramu 150, kuku. Alasiri: mkate vipande vitatu na asali gramu 20. Jioni: viazi vibichi gramu 500, samaki au mayai, mboga za majani, tunda. Siku nyepesi sahani ni zile zile, ila oti zinashuka hadi gramu 60 na ndizi moja, mchele hadi gramu 80, viazi hadi gramu 350, na mkate unaondoka unaingia mtindi na tunda. Mboga zinaongezwa kujaza tumbo. Faida ya kutobadilisha vyakula ni kwamba ununuzi ni mmoja, na mpishi anabadilisha kipimo tu.

Pima vikavu kabla ya kupika. Gramu 100 za mchele mkavu zina wanga wa karibu gramu 78, lakini ukishaiva unaweza kuwa na uzito wa gramu 250 au 300, kutegemea maji. Anayepima wali akidhani anapima mchele hupata theluthi moja tu ya wanga aliopangiwa, kisha anashangaa kwa nini miguu ni mizito. Kuku ni kinyume chake: kifua kibichi cha gramu 100 kina protini kama gramu 23, na kikiiva kinapoteza karibu robo ya uzito, kwa hiyo gramu 100 za kuku aliyeiva zina protini kama 31.

Kuku mkavu kama ubao ndiye sababu kubwa ya watu kuacha mpango wa chakula, kwa hiyo tumempa muda. Yeyusha chumvi gramu 50 katika lita 1 ya maji baridi, tumbukiza vifua, weka kwenye friji dakika 30 hadi 60, toa, kausha vizuri kwa karatasi. Chumvi inalegeza protini za nyama ili zishike maji wakati wa moto. Kama kifua ni kinene upande mmoja, kipasue ubapa, la sivyo ncha itakauka kabla katikati hakujaiva. Kaanga kwa mafuta kidogo hadi kipimajoto kikichomekwa sehemu nene kabisa kisome nyuzi 74 za Selsiasi, kisha acha kipumzike dakika 5 kabla ya kukata. Ukikipasha kesho yake, nyunyizia kijiko cha maji na ufunike. Kupasha bila mfuniko ndiko kunakomaliza maji yaliyobaki.

Maharage mekundu: loweka saa 8 hadi 12, mwaga maji, weka mapya, chemsha kwa nguvu dakika 10 kamili, ndipo upunguze moto. Maharage haya yakiwa mabichi yana lektini inayosababisha kutapika na kuharisha. Sufuria ya umeme ya kupika polepole haifiki joto la kuiharibu, kwa hiyo usianzie humo. Nyanya na limau zitiwe maharage yakishalainika. Asidi ikiingia mapema, ganda linabaki gumu hata upike nusu siku.

Wiki ya 3

Friji imetengewa ukurasa wake, maana kupika kwa wingi kuna hatari ambayo haionekani. Mchele una mbegu za bakteria *Bacillus cereus* ambazo hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukiachwa sufuriani kwa joto la chumba, mbegu zinaamka, bakteria wanazaana na kutoa sumu ya kutapisha ambayo kupasha moto hakuiondoi. Kwa hiyo: wali ukiiva, utandaze kwenye sinia kwa unene usiozidi sentimita 3, uingie friji ndani ya saa moja, friji iwe nyuzi 5 au chini yake, na uliwe ndani ya saa 24. Wa siku za mbele uende friza ukiwa umeshagawanywa kwa sahani moja moja. Usifunge chombo wali ukiwa wa moto. Mvuke unanasa ndani na katikati hukaa vuguvugu kwa saa nyingi.

Mazoezi: vipindi vya Jumanne ni kilomita 1 mara 5, kwa kasi ambayo mtu anaamini ataihimili siku ya mashindano, na dakika 2 za kutembea katikati. Kipimo cha ubora ni kilomita ya tano kulingana na ya kwanza. Ikichelewa kuliko ya kwanza kwa zaidi ya sekunde 10, kasi iliyochaguliwa ni ya tamaa.

Wiki ya 4

Sledi. Njia yake ina urefu wa mita 12.5 na hupitwa mara nne. Uzito ulioandikwa hauelezi kila kitu, kwa sababu msuguano wa zulia ndio unaoamua. Kilo zile zile huteleza kwenye zulia lililochakaa na kung'ang'ania kwenye jipya. Ndiyo maana tunafanya mazoezi kwa kupima muda wa kila mita 12.5 na jinsi pumzi ilivyo mwishoni, na wakati mwingine tunazidisha uzito kwa makusudi.

Mwili uinamie mbele, nyonga ziwe usawa wa mabega au chini kidogo, hatua ziwe fupi na za haraka, mguu mzima wa mbele ukanyage. Hatua ndefu huonekana zina nguvu, lakini sledi husimama kati ya hatua na hatua, na kuianzisha upya kila mara ndiko kunakochoma mapaja. Mtu akisimama, ahesabu pumzi tatu tu, aondoke. Kwenye kuvuta, kosa la kawaida ni kutumia mikono peke yake: kaa chini kidogo, nyosha mikono, rudi nyuma kwa hatua huku uzito wa mwili ukivuta kamba. Mikono ikichoka hapa, itakudai tena kwenye makasia na kwenye vyuma.

Kumbukumbu ya jiko wiki hii ni fupi: vipande vya oti vya kubeba mfukoni. Oti gramu 300, tende zisizo na kokwa gramu 200, asali gramu 80, mayai 2, chumvi gramu 3. Loweka tende kwa maji ya moto dakika 10, chuja, saga ziwe rojo, changanya vyote, kandamiza kwa nguvu kwenye chombo cha oveni, oka nyuzi 180 kwa dakika 25, kata vipande 12. Kila kimoja kina wanga kama gramu 32. Vikivunjikavunjika, aidha tende hazikusagika au vimekatwa vikiwa vya moto. Subiri vipoe kabisa.

Wiki ya 5

Wiki ya kupumua: muda wa mazoezi umepunguzwa kwa theluthi. Uzito wa vyuma unabaki, idadi ya seti inashuka.

Hapa ndipo tumeandika onyo tunalotaka lisomwe kwa makini kuliko mengine yote. Anayejiandaa kwa mashindano ya mwili mara nyingi anataka pia kupungua, na anayapanga yote mawili kwa pamoja. Nishati inayobaki baada ya mazoezi ikishuka chini ya takribani kilokalori 30 kwa kila kilo ya mwili usio mafuta kwa siku, na hali hiyo ikaendelea, mwili unaanza kuzima shughuli zake: homoni, ujenzi wa mifupa, kinga. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliipa hali hii jina la RED-S (upungufu wa nishati katika michezo) mwaka 2014, na huwapata wanawake kwa wanaume. Dalili ni hedhi kukatika au kuyumba, hamu ya ndoa kupotea, usingizi mbovu, mafua yasiyoisha, na maumivu ya mfupa yanayorudi pale pale. Ukiona mojawapo, ongeza chakula, punguza mazoezi, nenda kwa daktari. Kupungua kufanywe miezi ya mwanzo, mbali na mashindano, na polepole. Kuanzia wiki hii mpango hauna upungufu wa kalori kwa mtu yeyote.

Madini ya chuma pia yamekaguliwa. Maharage, dengu na mboga za majani yana chuma ambacho mwili unakichukua kwa shida, lakini limau, pilipili hoho au chungwa kwenye mlo huo huo husaidia sana. Chai na kahawa huzuia, kwa hiyo tumezihamishia saa moja au mbili mbali na mlo. Vidonge vya chuma havinywewi kwa kubahatisha; kwanza kipimo cha damu.

Wiki ya 6

Kipimo cha jasho. Jipime bila nguo baada ya kukojoa, kimbia saa moja kwa kasi ya mashindano, jifute, jipime tena. Mfano: kabla kilo 70.0, baada kilo 69.1, na katikati umekunywa lita 0.4. Umepoteza 0.9 kwenye mizani, jumlisha 0.4 uliyokunywa, jasho lako ni lita 1.3 kwa saa katika hali ile ya hewa. Rudia siku ya joto, maana mashindano hufanyika ndani ya kumbi na watu wengi hutoa joto.

Si lazima urudishe yote. Lengo ni kutopoteza zaidi ya asilimia 2 ya uzito. Mtu anayemaliza akiwa mzito kuliko alivyoanza amekunywa kupita kiasi, na hilo ni hatari kubwa kuliko kiu: sodiamu ya damu hushuka, kichwa huuma, kichefuchefu huja, na hali mbaya yake inaua.

Kinywaji cha jikoni: maji lita 1, sukari gramu 60, chumvi gramu 1.5, maji ya limau moja. Hiyo ni sukari ya asilimia 6, ambayo tumbo huipitisha vizuri, na sodiamu kama miligramu 600. Ukizidisha sukari hadi asilimia 10 au 12 kwa kudhani unaongeza nguvu, maji hukaa tumboni na utayasikia yakicheza unapokimbia.

Wiki ya 7

Jumamosi sasa ndiyo nguzo ya wiki: kilomita 1, kituo, kilomita 1, kituo, mara nne bila kupumzika. Mita 200 za kwanza baada ya sledi miguu haikutii, na hapo wengi hulazimisha kasi, mapigo ya moyo yanapaa na hayashuki tena. Kocha ameagiza mita 200 hizo zikimbiwe kwa hatua fupi, mikono ikilegezwa, na kasi irudi yenyewe kati ya mita 200 na 400. Waliofuata hivyo wanaingia kituo kinachofuata wakiwa na pumzi.

Wiki ya 8

Tumbo linafundishika kama misuli, kwa hiyo jeli za kunywa zenye wanga zimeingia mazoezini. Ya nyumbani: maltodekstrini (unga wa wanga unaoyeyuka) gramu 60, fruktozi (sukari ya matunda) gramu 30, maji mililita 60, chumvi gramu 1, limau kidogo, pasha moto mdogo mpaka iwe angavu, gawa tatu, kila moja gramu 30 za wanga. Sukari za aina mbili hupita kwenye ukuta wa utumbo kwa milango tofauti, hivyo hazisongamani. Weka friji, itumike ndani ya siku chache.

Wapi pa kuinywea? Tumeipima kituo kwa kituo. Ukinywa kabla ya burpii, unalala kifudifudi na kila kitu kinapanda kooni. Ukinywa kabla ya makasia, unajikunja na tumbo linabanwa kila ukivuta. Mahali salama ni mwanzo wa kilomita ya sita, umeshaondoka kwenye makasia: mwili unasimama wima, kituo kinachofuata ni kubeba vyuma, na bado kuna vituo vitatu ambavyo nguvu hiyo itavikuta. Jeli nyingine inywewe dakika 10 hadi 15 kabla ya kuanza. Zote zifuatiwe na mafunda mawili matatu ya maji.

Kahawa au kafeini: miligramu 3 kwa kilo, saa moja kabla, inatosha. Ijaribiwe mazoezini kwanza. Kwa mashindano ya jioni tumeiacha, kwa sababu usingizi ni wa thamani zaidi.

Wiki ya 9 na 10

Wiki ya 9 ndiyo nzito kuliko zote, na ya 10 ina jaribio la vituo sita kamili. Vitu viwili vimeandikwa kwa wino mzito. Hatua za mfuko: goti la nyuma lazima liguse sakafu na nyonga zinyooke ukisimama, vinginevyo mwamuzi hahesabu. Mpira wa ukutani: nyonga zishuke chini ya usawa wa magoti kila mara. Gawanya 100 mapema, kwa mfano 25 mara nne na mapumziko ya pumzi tano, badala ya kwenda 60 kwa mkupuo na kisha kuangusha mpira kila baada ya mitatu. Mpira uushike karibu na kifua na miguu ndiyo iurushe. Anayeurusha kwa mabega atayakosa ifikapo 40.

Wiki ya 11

Kupunguza mzigo. Jumla ya muda wa mazoezi inashuka kwa karibu nusu, lakini kasi haishuki: vipindi vya Jumanne vinabaki na kasi ile ile, vikiwa vitatu tu. Anayepunguza kasi pia hufika akiwa amepumzika na mzito. Mizani inaweza kupanda kilo moja au zaidi wiki hii na ijayo, nalo ni jambo jema: kila gramu ya glaikojeni (wanga wa akiba) inayowekwa kwenye misuli hukaa na takribani gramu 3 za maji. Usikate chakula kwa kuiogopa namba hiyo.

Wiki ya 12

Siku moja kabla: wanga gramu 8 kwa kilo, yaani 560, kwa milo midogo mingi. Nyuzinyuzi zinapunguzwa kwa makusudi: wali mweupe, mkate mweupe, viazi bila maganda, ndizi mbivu, asali, juisi. Maharage, kabichi na saladi hukaa pembeni hadi mashindano yapite. Kinachoharibika hapa ni mtu kula sahani moja kubwa saa tatu usiku. Mchana ndio uwe mlo mkubwa, jioni uwe wa kawaida.

Saa 3 kabla ya kuanza: mchele mkavu gramu 120 uliopikwa, asali gramu 25, ndizi moja, chumvi kidogo. Jumla gramu 140, yaani 2 kwa kilo. Hakuna kipya, hakuna mafuta mengi. Maji mililita 400 hadi 500 pamoja na mlo, kisha mafunda kadiri ya kiu.

Kilomita ya kwanza iendeshwe kwa saa, usiiamini miguu. Msisimko hufanya kasi ya hatari ionekane nyepesi, na gharama yake hailipwi pale, inalipwa kwenye sledi ya pili.

Baada ya kumaliza: ndani ya saa mbili, wanga gramu 70, protini gramu 30, kitu cha chumvi, na kwa kila kilo iliyopotea kinywaji cha lita 1.25 hadi 1.5 kwa mafunda, si kwa mkupuo. Maumivu ya misuli hufika kilele kati ya saa 24 na 72, mapaja yakiwa ya kwanza kwa sababu ya hatua za mfuko. Siku hizo ni za kutembea na kulala. Maharage na mboga zinarudi mezani siku inayofuata, protini inabaki gramu 126, na wanga haushuki chini ya gramu 5 kwa kilo kwa siku tatu. Mbio nyepesi ya kwanza ni dakika 20 hadi 30, kuanzia siku ya nne au ya tano, ikiwa mtu anashuka ngazi bila kushika ukuta.